Adrian Atiman, Mganga wa Karema

Kaka yangu anasomea tiba kazi huko Moshi, katika chuo cha KCMC. Likizo iliyopita alikuja nyumbani Mpanda, na jioni moja tukabishana. Alikuwa akitueleza kazi yake: humchukua mtu aliyepooza mkono, au aliyeugua akili, akamrudisha polepole katika shughuli zake, kufunga vifungo vya shati, kusonga ugali, kushika jembe. Alisema wazee wa kazi hiyo ni Wamarekani. Mwaka 1917 watu wachache walikutana Clifton Springs, jimbo la New York, kwa George Barton, mchoraji wa ramani za majumba aliyepooza upande wa kushoto akajitibu kwa useremala na bustani, wakaunda chama. Uingereza nayo ilipata chuo chake cha kwanza mwaka 1930 mjini Bristol, kwa juhudi za daktari mwanamke, Elizabeth Casson. Kisha kaka akasema kwamba pande zetu hizi watu waliosomea utabibu walichelewa mno kufika.

Hapo nilikataa. Nilimwambia kwamba mwaka huo huo wa 1917, hapa kwetu Karema palikuwa na mganga Mwafrika aliyekwisha kutibu watu kwa miaka 28. Alicheka, akidhani natunga hadithi. Basi naandika habari hizi kwa ajili yake, na kwa ajili ya wenzangu, maana wengi wetu tumepita mbele ya hospitali ya Dr. Atiman kule Sumbawanga bila kuuliza jina hilo ni la nani.

Atiman hakuwa mtu wa huku. Alizaliwa yapata mwaka 1866 karibu na mto Niger, upande wa Timbuktu, katika nchi iitwayo Mali leo. Angali mtoto mdogo, wanyang'anyi walimwiba, wakamvusha Jangwa la Sahara kama mzigo wa biashara. Huko Algeria, mwaka 1876, Wamisionari wa Afrika, wale waitwao Mapadre Weupe, walimkomboa kwa fedha. Hakuwaona tena wazazi wake. Mimi nina ndugu wadogo wa umri huo, na kila nifikapo hapa nashindwa kuendelea upesi.

Mkubwa wa mapadre hao, Kardinali Lavigerie, alikuwa na wazo lake: Waafrika wasomeshwe uganga wa kisasa, warudi kuwatibu Waafrika wenzao na kuwafundisha dini. Basi mwaka 1881 vijana waliokombolewa wakapelekwa kisiwa cha Malta kusoma, na Atiman alikuwa mmoja wao. Alikaa huko mpaka 1888. Wenzake waligawanywa katika misheni nyingine za maziwa makuu. Yeye alipitia Zanzibar, akatembea na msafara kutoka pwani, akafika Karema mwaka 1889.

Wakati huo Karema ilikuwa boma. Mbelgiji mmoja, Kapteni Cambier, alilianzisha mwaka 1879, na mwaka 1885 likapewa mapadre. Mwanzoni ziwa lilikuwa karibu na boma. Maji yalipopungua, boma likaachwa juu, mbali na ufuko. Pwani hiyo ilijaa watu waliotoroka utumwa au waliokombolewa. Naona Atiman hakuhitaji kuelezwa shida yao.

Alioa huko huko, na mwanawe Joseph akawa padre. Kwa kazi yake alikuwa katekista na mganga pamoja. Fikirini, hapakuwa na gari wala simu, na dawa zilitoka ng'ambo kwa msafara. Vidonda, homa, mifupa iliyovunjika, vyote vilimngoja yeye. Alipasua na kushona. Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale uliziangamiza pwani za Tanganyika, na vijiji vingine vikahamishwa. Atiman hakuondoka.

Alifika kabla Wadachi hawajaweka boma lao Ujiji. Akawaona wakitawala, akawaona wakishindwa vitani, wakaja Waingereza. Mwaka 1946 habari za maisha yake, alizozisimulia mwenyewe, zilipigwa chapa katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Alifariki Karema mwaka 1956, mzee wa miaka 90 hivi, baada ya miaka 67 kazini. Uhuru ulibakiza miaka mitano tu.

Haya yote nilimwandikia kaka kwa simu. Alijibu usiku sana. Alikubali kwamba nimeshinda kwa tarehe, lakini akaleta swali ambalo silo tulilobishania. Kazi yake, alisema, ni kumrudishia mtu maisha aliyonyang'anywa, na anayefanya hivyo kwanza hutaka kujua mgonjwa alikuwa nani zamani. Je, Atiman aliulizwa na nani? Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Tumepatana kwamba likizo ijayo tutapanda basi pamoja mpaka Karema, tuliangalie boma, tuwaulize wazee wa pale.