Biddy Early na Chupa Yake

Ndugu msomaji, nimesoma habari za waganga wengi, wa kwetu na wa ng'ambo, lakini bibi huyu wa Ayalandi kila nikimuweka hunirudia. Alizaliwa mwaka 1798 karibu na kijiji cha Feakle, jimbo la Clare. Wazazi wake maskini walimfia angali kijana, akaishi kwa kutumikia nyumba za watu.

Yasemekana elimu ya mitishamba aliipata kwa mamake. Dawa za kawaida kila kizee wa huko alizijua. Aliyechomwa na majani ya kuwasha alisuguliwa jani pana la dock. Mwenye kifua alinyweshwa mwani uitwao carrageen, uliochemshwa kwa maziwa. Naam, mwani, kama huu wa pwani!

Biddy aliwazidi wenziwe kwa chupa. Watu walisema akiitazama ndani huona maradhi na chanzo chake. Hapo mimi nasita, maana kupiga ramli dini yetu haikubali. Wala mapadri wa kwao hawakukubali. Waliwakataza watu wasimwendee, nao wakazidi kumwendea, wengine usiku. Fedha hakutaka. Aliletewa vyakula na pombe kali, na pombe hiyo yasemekana ndiyo iliyowamaliza waume zake, maana hakuolewa na mmoja.

Mwaka 1865 alishtakiwa mjini Ennis kwa uchawi, kwa sheria ya mwaka 1586. Sheria ya miaka karibu 280 ikafufuliwa kwa ajili ya ajuza mmoja! Mashahidi wakakosekana, akaachiwa. Wako wasemao kuwa walimwogopa. Mimi siafiki sana. Miaka ishirini tu nyuma, mwaka 1845, viazi vilianza kuoza mashambani, ikaja njaa iliyoua watu wapatao milioni moja. Kwa fukara wa nchi ile daktari alikuwa ghali, na ng'ombe mmoja ndiye riziki ya nyumba. Aliyeponyeshewa mtoto, au ng'ombe huyo, atasimamaje kizimbani amtie hatiani aliyemponya?

Biddy alifariki Aprili 1874, ufukara ule ule aliozaliwa nao. Yasimuliwa kuwa padri alikuwapo kitandani pake. Mwaka 1897 bibi mwandishi, Lady Gregory, alifika Feakle kukusanya habari zake, akazitoa kitabuni mwaka 1920. Na ile chupa, wenyeji husema ilitupwa katika ziwa la Kilbarron, karibu na nyumba yake. Wako waliozama kuitafuta, wakatoka mikono mitupu.