Oscar Kambona: Mtoto wa Ziwa Nyasa aliyeishi London mara mbili

Kuna waliokwenda London kusoma. Kuna waliokwenda kwa sababu nyumbani hapakaliki tena. Oscar Kambona alikwenda kwa sababu zote mbili, kwa nyakati tofauti.

Mara ya kwanza alikuwa kijana anayesomea sheria, nchi yake ikiwa bado chini ya Waingereza. Mara ya pili alikuwa na familia, nchi ikiwa huru, na yeye akiwa ametoka tu kwenye baraza la mawaziri.

Katikati ya safari hizo mbili kuna harusi moja ya mwaka 1960 katika kanisa kubwa la London. Msimamizi wa bwana harusi, bestimani kama wasemavyo vijana, alikuwa Julius Nyerere.

Alikotoka: Kwambe

Kambona alizaliwa miaka ya 1920 katika kijiji cha Kwambe, jirani na Mbamba Bay, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Kwa miaka mingi eneo hilo lilikuwa ndani ya Wilaya ya Mbinga, hadi ilipoundwa Wilaya ya Nyasa mwaka 2012.

Baba yake, David Kambona, alikuwa padri wa Kanisa la Anglikana, miongoni mwa Waafrika wa mwanzo kupewa daraja hilo Tanganyika. Mama yake aliitwa Miriam. Nyumba yao ilikuwa ya walimu, na masomo ya kwanza Oscar aliyapata kwa wazazi wake na kwa darasa lililokaa chini ya mwembe kijijini.

Kwa watoto wa ufukwe ule, mambo ya dunia yaliingia kwa njia ya maji. Misheni ya UMCA ilikuwa na makao yake kisiwani Likoma, na Liuli kilikuwa kituo chake kikubwa upande wa Tanganyika. Meli za ziwani zilileta barua, dawa na vitabu.

Kambona alisoma Liuli, shule ya Mtakatifu Barnaba. Baada ya hapo ilibidi kwenda mbali: Alliance ya Dodoma, shule ambayo baadaye ilikuja kuitwa Mazengo.

Shida ilikuwa ada. Mwenyewe alipenda kusimulia jinsi alivyomshawishi askofu Mwingereza amlipie: alimsomea Sala ya Bwana kwa Kiingereza, bila kukosea. Askofu akakubali kutoa paundi 30 kwa mwaka.

Tabora, mwalimu wa jirani

Kutoka Dodoma alikwenda Tabora, shule ya serikali ya wavulana. Mji huohuo, kwenye shule ya Kikatoliki ya St Mary's, alikuwapo mwalimu kijana aliyetoka Makerere. Jina lake Julius Nyerere.

Hapo ndipo walipofahamiana. Mwaka 1949 Nyerere alikwenda Scotland, Chuo Kikuu cha Edinburgh, akarudi 1952 na shahada. Kambona yeye alirudi Alliance Dodoma, safari hii akiwa mwalimu.

TANU ilipoanzishwa Julai 7, 1954, Kambona aliacha chaki. Akawa katibu wa chama, kazi ya kuzunguka kutafuta wanachama na kufungua matawi. Mwanzoni alijitolea bila mshahara. Nyerere akiwa rais wa chama, Kambona ndiye aliyeshika ofisi.

Urafiki wao ulijengwa hapo: safari ndefu, barabara mbovu, mfuko mtupu.

Kwa nini London?

Leo kijana wa Kitura akitaka kusomea sheria ana vyuo kadhaa vya kuchagua ndani ya nchi. Miaka ya 1950 Tanganyika haikuwa na chuo kikuu hata kimoja. Chuo cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961, na kitivo chake cha kwanza kilikuwa hichohicho cha sheria, kwa sababu wanasheria Waafrika nchini walikuwa wa kuhesabu kwa vidole.

Kwa hiyo aliyetaka kuwa wakili alipaswa kuvuka bahari. Nusu ya pili ya miaka ya 1950 Kambona alifika London na kujiunga na Middle Temple, moja ya vyama vinne vya kale vinavyotoa mawakili wa mahakama kuu za Uingereza.

Kula chakula ni sehemu ya masomo

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Katika vyama vile, kufaulu mtihani hakutoshi. Mwanafunzi alitakiwa pia kula chakula cha jioni ukumbini mara kadhaa kila muhula. Usipokula idadi inayotakiwa, huapishwi kuwa wakili, hata kama umeongoza darasa.

Ukumbi wa Middle Temple ni wa miaka ya 1570. Ndani yake tamthilia ya Shakespeare iitwayo Twelfth Night ilichezwa mwaka 1602. Wanafunzi walikaa wanne wanne kwenye meza ndefu za mbao, wamevaa majoho, na kila kundi la wanne lilipaswa kuzungumza lenyewe kwa lenyewe.

Lengo lilikuwa kumfundisha kijana kukaa na watu: kuongea, kusikiliza, kubishana bila kugombana.

Mtu aliyeanza shule chini ya mwembe akajikuta meza moja na watoto wa majaji. Lakini hakuwa na upweke wa rangi peke yake. Meza zile zilijaa vijana kutoka India, Afrika Magharibi, Karibi na Malaya, na wengi walijua kwamba wanarudi nyumbani kuchukua nchi.

Nje ya ukumbi, mji mwingine

Ukitoka ukumbini, London ilikuwa mji mwingine kabisa. Ulikuwa na baridi inayoingia mifupani na ukungu uliochanganyika na moshi wa makaa. Vyumba vilipashwa joto kwa hita ya gesi, nyingine ya kutumbukiza sarafu: sarafu ikiisha, joto linaisha.

Kupata chumba kwenyewe kulikuwa vita. Baadhi ya wenye nyumba walibandika matangazo dirishani kwamba hawataki watu weusi, na sheria ya kuwazuia haikuwapo. Mwaka 1958, mwishoni mwa Agosti, vijana weupe waliwashambulia watu weusi mitaa ya Notting Hill kwa siku kadhaa.

Ndiyo maana wanafunzi wa Kiafrika walitafutana. Mwenye chumba alikigeuza kuwa sebule ya wote. Anayejua kupika alipika, mwenye gazeti alisoma kwa sauti, na mazungumzo yalikuwa yaleyale: nani atafuata kupata uhuru? Ghana ilikuwa imeshapata, Machi 6, 1957.

London ilikuwa na historia ndefu ya vikao vya namna hiyo. Jomo Kenyatta na Kwame Nkrumah walipita hapo kama wanafunzi. Hata daktari kutoka ng'ambo ya pili ya Ziwa Nyasa, Hastings Banda, alikuwa na zahanati mjini humo hadi 1953, na nyumba yake ilikuwa baraza la wanasiasa wa Afrika. Serikali ya kikoloni ilipeleka vijana London wapate elimu, vijana wakapata na siasa humohumo.

Kambona alibaki mtu wa TANU hata akiwa na vitabu vya sheria mkononi. Alijifunza jambo ambalo baadaye lilimsaidia sana kazini: jinsi ya kuzungumza na wageni wa kila nchi kama mtu aliyewazoea.

Waziri, halafu bwana harusi

Mwaka 1960 mambo yalikwenda mbio. Agosti TANU ilishinda viti 70 kati ya 71 vya uchaguzi. Septemba Nyerere akawa Waziri Kiongozi, na Kambona akapewa Wizara ya Elimu.

Mwaka huohuo akarudi London, safari hii kwa ajili ya kuoa. Bibi harusi alikuwa Flora Moriyo, na ndoa ilifungwa Kanisa Kuu la St Paul's, lile lenye kuba linaloonekana kutoka mbali. Nyerere akasimama pembeni ya rafiki yake.

Hebu fikiria picha ile. Miaka michache nyuma, vijana kama hawa walikuwa wanafungiwa milango ya vyumba vya kupanga. Sasa wamesimama katika kanisa maarufu kuliko yote mjini, na mmoja wao ndiye anayekwenda kuwa mkuu wa nchi.

Akiwa Waziri wa Elimu, Kambona alikuta shule zimetengwa kwa rangi: za Wazungu, za Waasia na za Waafrika. Ni katika kipindi hicho sheria ya mwaka 1961 ilipofuta mgawanyo huo.

Baadaye alishika Mambo ya Ndani, kisha Mambo ya Nje na Ulinzi. Dar es Salaam ilipokuwa makao ya kamati ya OAU ya ukombozi, Kambona aliiongoza. Wapigania uhuru wa Msumbiji, Afrika Kusini na kwingineko walipitia mezani kwake.

Usiku wa Januari 1964

Januari 20, 1964, askari wa Tanganyika Rifles waliasi kambini Colito, ambako leo ni Lugalo. Walitaka mishahara bora na maofisa Waafrika. Nyerere alipelekwa mafichoni.

Aliyekwenda kuongea na askari wenye bunduki alikuwa Kambona, Waziri wa Ulinzi. Aliwasikiliza, akajadiliana nao, mji ukapumua. Kwa siku mbili hivi yeye ndiye aliyeonekana kama serikali. Nyerere aliporudi hadharani, alikikuta kiti chake.

Hata hivyo, tangu hapo watu walianza kunong'ona. Mtu mwenye uwezo wa kutuliza jeshi, walisema, ana nguvu kiasi gani?

Urafiki unavunjika

Februari 5, 1967 likaja Azimio la Arusha. Kambona hakuafikiana na mwendo wake, na alikuwa na wasiwasi na mfumo wa chama kimoja usio na njia wazi ya kubadilisha kiongozi. Vijiji vya ujamaa aliona vingejaribiwa kwanza sehemu chache, kabla ya nchi nzima.

Katikati ya mwaka huo alijiuzulu. Muda mfupi baadaye akaondoka na familia yake kupitia Kenya, akaenda anakokujua: London.

Walioachwa nyuma ndio waliolipa bei. Ndugu zake wawili, Otini na Mattiya, waliwekwa kizuizini kwa miaka. Mwaka 1970 ilianza kesi ya uhaini ya watu waliodaiwa kula njama ya kuipindua serikali, Bibi Titi Mohamed akiwa mmoja wao. Upande wa mashtaka ulimtaja Kambona kuwa kinara. Yeye alikana akiwa mbali, na hakuwahi kusimama kizimbani kujibu. Mtu aliyekwenda London kusomea sheria akawa jina kwenye kesi ambayo hakuwapo.

London ya pili

Mji ulikuwa uleule. Mto Thames unapita palepale nyuma ya Middle Temple, kuba la St Paul's liko palepale. Kilichobadilika ni yeye.

Mwanafunzi huvumilia baridi kwa sababu anahesabu miezi ya kurudi. Mkimbizi wa kisiasa hana cha kuhesabu. Simu za kimataifa zilikuwa ghali, barua zilichukua muda, na kumwandikia ndugu kungeweza kumtia matatani. Leo mtu wa Mbinga anampigia aliye Ulaya kwa video akiwa shambani. Kambona aliwakosa watu wa Kwambe kwa miaka 25.

Mwaka 1992 Tanzania iliporuhusu vyama vingi, alirudi. Alikuwa mzee sasa, akiwa na chama kipya cha upinzani cha TADEA. Vijana waliomwona hawakumjua, maana jina lake lilikuwa limepotea midomoni mwa watu kwa robo karne. Siasa mpya hazikumpa nafasi kubwa.

Alifariki London mwaka 1997.

Miaka miwili baadaye, Oktoba 14, 1999, Mwalimu Nyerere naye alifariki dunia hospitalini St Thomas', kando ya Mto Thames. Marafiki wawili waliofahamiana Tabora, mmoja akamsimamia mwenzake siku ya ndoa, wote walimalizia safari katika mji ule wa harusi.