Bendi Yenu Iko na Doo ya Maiki Moja Tu? Soma Story ya Hugh Tracey Kwanza

Wacha niseme uko Oltepesi, mko wanne, bendi yenu ya rock imeanza kushika, na studio ni keja ya mabati. Mmechanga doo, sasa mnabishana kama mnunue seti ya maiki saba za bei ya kutupa ama mkope mtafute kali. Kabla mtume M-Pesa, nipe dakika mbili.

Hugh Tracey alizaliwa Devon, Uingereza, mwaka wa 1903. Akiwa kijana mdogo tu, miaka ya mwanzo ya 1920, akaenda Southern Rhodesia, Zimbabwe ya leo, kusaidia brathake kulima tumbaku. Huko shambani akashika lugha ya Wakaranga na akaanza kuimba na vijana waliokuwa wakifanya kazi hapo. Wazungu wengi wa wakati huo waliona hizo ngoma si kitu. Yeye hapana. 1929 akabeba vijana 14 hadi Johannesburg, wakarekodiwe na kampuni ya Columbia.

Baadaye akaingia redio, halafu akawa mtu wa safari. Alizunguka kusini, kati na mashariki ya Afrika na gari, jenereta na mashine ya kurekodi. 1954 akaanzisha maktaba ya muziki wa Afrika inayoitwa ILAM, na kazi yake ikajaza LP 210.

Sasa skiza hapa. Jamaa hakuwa na chumba cha studio. Jenereta aliiweka mbali, akavuta waya mrefu ili mngurumo usiingie kwa ngoma. Mara nyingi maiki ilikuwa moja, na aliishika na mkono wake mwenyewe. Mwimbaji akianza, anaisogeza kwake. Chombo kikipiga sehemu tamu, anaipeleka huko. Mkono wake ndio ulikuwa mixer.

Hivyo ndivyo 1950, huku kwetu Kapkatet, alinasa wasichana wa Kipsigis wakiimba Chemirocha. Hilo jina ni Jimmie Rodgers, msanii wa Marekani aliyekuwa ameshakufa 1933, lakini sahani zake zilikuwa zimefika kijijini. Wasichana wakamgeuza kiumbe nusu mtu nusu swara. Miaka zaidi ya 70 imepita na bado ukiiskiza unahisi umesimama hapo kando yao. 1952 akamrekodi Jean Bosco Mwenda kule Katanga, gita moja linalosikika kama mawili.

Tracey alikufa 1977. Na story yake iko na upande mchungu: ngoma zilikaa Afrika Kusini miaka mingi, na wengi walioimba hawakuwahi kujiskia. Ni juzi tu, miaka ya 2010, ndio ILAM ilianza kurudisha kopi vijijini, Kenya ikiwemo.

Kwa hivyo wewe na wasee wako mfanye nini? Nunua maiki moja au mbili za dainamiki, zile ngumu kama Shure SM57, ambayo iko sokoni tangu 1965. Haihitaji umeme wa volti 48 kama maiki za kondensa, inavumilia makelele ya ampu ya gita, inashika snare, na hata sauti ya kuimba inaiweza. Kondensa ni tamu, lakini kwa keja ya mabati itakushikia upepo, kengele za mbuzi na kila mlio wa paa. Chunga tu feki, ziko mob. Ukipata moja ya mtumba, ijaribu kabla ulipe.

Halafu fanya vile mzee alifanya. Dramu irudi nyuma, ampu ipunguzwe, mwimbaji asogee karibu. Tundika blanketi kwa ukuta. Rekodi dakika moja, skiza, sogeza mtu, rudia. Kusogeza mtu ni bure, na ndiko sauti inatengenezewa.

Mkimaliza, andikeni majina ya kila mtu aliyepiga, na kila mmoja abebe kopi yake hiyo siku. Wasee wa Kapkatet walingoja zaidi ya miaka 60. Nyinyi msingojeane hata wikendi moja.