MTU ALIYENYIMWA UWANJA WA KWAO

Tunajua kwamba ndugu yetu wa Kinjumbi atakayesoma ukurasa huu atauliza, na haki ya kuuliza anayo: kriketi yatuhusu nini sisi? Vijana wa Kinjumbi, kama wenzao wa Kipatimu na Kilwa Kivinje, hucheza mpira wa miguu. Kriketi ni mchezo ulioletwa na Waingereza, ukachezwa katika vilabu vya Wazungu na vya Wahindi, na mwananchi wa kawaida hakuitwa huko ila kufyeka majani. Hata hivyo leo tumeona ni wajibu wetu kuandika habari za mchezaji mmoja wa kriketi, Basil D'Oliveira, ambaye alifariki mwezi wa Novemba, 2011. Mtu huyu aliitingisha Serikali ya Makaburu pasipo kushika silaha wala kupanda jukwaani.

Watu wa Mkoa wa Lindi hawahitaji kufundishwa maana ya mapambano ya kusini mwa Afrika. Nachingwea ilikuwa kambi ya wapiganaji wa FRELIMO, na wazee wengi wa mkoa huo wanakumbuka vijana wa Msumbiji waliopita kwao wakienda vitani. Lakini vita ile ilikuwa na pande nyingi. Mmoja wa pande hizo ulikuwa uwanja wa michezo, na huko ndiko alikosimama D'Oliveira.

Alizaliwa Cape Town mwaka 1931, akakulia katika mtaa ulio mteremkoni, juu ya mji. Sheria ya Makaburu ya mwaka 1950 iliwagawa wananchi wote mafungu mafungu kwa rangi ya ngozi, naye akahesabiwa katika fungu la wale walioitwa machotara. Hakuruhusiwa kusoma na Wazungu, wala kukaa mtaa mmoja nao, wala kucheza nao. Viwanja vyenye majani mazuri vilikuwa vyao. Yeye na wenzake walicheza katika viwanja vya changarawe, ambavyo iliwabidi kwanza kuviokota mawe, kisha kutandika mkeka pale mpira unapodundia. Siku za kazi alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha uchapaji. Mwisho wa juma alikuwa mchezaji.

Kwa faida ya wasioujua mchezo huu, tunaeleza kwa ufupi. Mpigaji hulinda vijiti vitatu kwa gongo la ubao. Kila anapoupiga mpira na kuwahi kukimbia mpaka upande wa pili, hupata alama moja. Akiupiga ukavuka mpaka wa uwanja, hupata nne au sita. Mwenye kufikisha alama 100 kwa zamu moja amefanya jambo kubwa. D'Oliveira alizifikisha mara nyingi mno juu ya changarawe ile, lakini magazeti ya Wazungu wa kwao hayakuona haja ya kuwaambia wasomaji wao.

Afrika Mashariki ilimfahamu kabla Ulaya haijamfahamu. Mwaka 1956 timu ya Waasia wa Kenya ilikwenda Afrika Kusini kucheza na wasio Wazungu. Mwaka 1958 D'Oliveira, akiwa nahodha, aliiongoza timu yao kuja huku kwetu, wakacheza Kenya. Basi alipata heshima ya kuwa nahodha wa nchi yake mbali na nchi yake, kwa maana nyumbani cheo hicho hakikutambuliwa.

Mwaka uliofuata lilimpata jambo chungu. Ilikuwa imepangwa timu ya West Indies, chini ya Frank Worrell, iende Afrika Kusini kucheza na wasio Wazungu. Wapinzani wa ubaguzi wakaipinga safari hiyo, wakisema kwamba kukubali michezo ya mafungu ni kuyakubali mafungu yenyewe. Safari ikavunjwa. Hoja yao ilikuwa ya haki, lakini aliyeilipia gharama ni mchezaji aliyekuwa akiona miaka yake inapita. Tunalitaja jambo hili kwa sababu mara nyingi sisi watu wa siasa husahau kwamba kila msimamo una mtu anayeulipia.

D'Oliveira akashika kalamu. Alikwisha kumwandikia barua John Arlott, mtangazaji wa kriketi katika redio ya Uingereza, mtu ambaye hakupata kumwona, akimwomba amtafutie kazi ya kucheza. Arlott hakuitupa barua ile. Mwaka 1960 klabu ya Middleton, karibu na Manchester, ilikosa mchezaji wa kulipwa. Arlott akamsemea D'Oliveira, akakubaliwa kwa pauni 450 kwa msimu mzima. Nauli hakuwa nayo. Marafiki na majirani wa Cape Town walichangishana, maskini kwa maskini, mpaka ikatimia. Akaondoka, akimwacha mkewe Naomi mjamzito. Siku chache kabla, tarehe 21 Machi, polisi wa Makaburu walikuwa wamewaua watu 69 huko Sharpeville.

Alipofika Uingereza alikuwa bado amefungwa na desturi za kwao. Alitazama huku na huku kutafuta mlango wa watu wa rangi yake, akashangaa kuukosa. Majuma ya kwanza mchezo ulimshinda, kwa kuwa ardhi ya kule ni laini na yenye maji, na mpira haudundi kama juu ya mkeka. Hakuona haya kujifunza upya. Msimu ulipokwisha, yeye ndiye aliyeongoza wapigaji wote wa ligi ile kwa wastani wa alama, mbele ya Garfield Sobers mwenyewe, bingwa wa West Indies.

Akapata uraia wa Uingereza. Akaingia timu ya Worcestershire mwaka 1964, na mwaka 1966 akaitwa kuichezea Uingereza. Hapo aliwaambia waajiri wake umri usio wa kweli. Alijipunguzia miaka, kwa kuwa alijua hakuna atakayemwita mchezaji mpya aliyefikia umri wa miaka 34. Hatusifu uongo. Lakini tunauliza: nani aliyemwibia miaka ile kwanza?

Sasa tunafika mwaka 1968. Timu ya Uingereza ilitazamiwa kwenda Afrika Kusini mwisho wa mwaka huo. Mapema, Waziri Mkuu wa Makaburu, John Vorster, alikwisha kumdokeza bwana mkubwa mmoja wa Kiingereza kwamba timu yenye D'Oliveira haitapokewa. Habari hiyo iliwafikia viongozi wachache wa MCC, klabu ya London iliyokuwa ikisimamia safari za timu ya taifa, nao wakaifungia kabatini. D'Oliveira mwenyewe alifuatwa na mfanyabiashara wa Afrika Kusini aliyemwahidi fedha nyingi ili ajiondoe, akafundishe mchezo huko kwao. Hakujiondoa.

Mwezi wa Agosti Uingereza ilicheza na Australia mechi ya mwisho ya mfululizo wao, katika uwanja wa The Oval, London. D'Oliveira hakuwamo katika orodha. Aliingizwa kwa sababu mwenzake aliugua. Akasimama akapiga alama 158. Siku ya mwisho mvua ilifurika uwanja, watazamaji wakashuka wenyewe kukausha maji, na alipopewa mpira arushe, ni yeye aliyevunja ukuta wa Waaustralia. Uingereza ikashinda zikiwa zimesalia dakika chache tu.

Siku chache baadaye kamati ilikaa usiku kuchagua wa kwenda Afrika Kusini, na jina la D'Oliveira halikutajwa. Alizipata habari hizo kwa redio akiwa katika chumba cha wachezaji wa Worcestershire, siku ambayo yeye mwenyewe alikuwa amepita tena alama 100. Mtu mzima yule alilia. Kamati ilieleza kwamba imetazama mchezo peke yake na wala haikutazama siasa. Wananchi wengi wa Uingereza hawakuukubali usemi huo.

Katikati ya Septemba mchezaji mmoja aliyechaguliwa, Tom Cartwright, alijitoa kwa kuumia, na nafasi yake akapewa D'Oliveira. Siku ya pili yake Vorster alisimama Bloemfontein akatangaza kwamba timu hiyo sasa ni ya wapinzani wa Serikali yake, haitapokewa. Tarehe 24 Septemba safari ikafutwa. Makaburu walidhani wamemfungia mlango mtu mmoja, kumbe walikuwa wakijifungia wenyewe. Mwaka 1970 safari ya timu yao kwenda Uingereza ilivunjwa, na mwaka huo huo wakafukuzwa katika Michezo ya Olimpiki. Hawakurudi katika kriketi ya kimataifa mpaka mwaka 1991.

Tanzania haikukaa kando katika jambo hili. Mwaka 1961 Mwalimu Nyerere alikwisha kusema wazi kwamba Tanganyika haitaingia Jumuiya ya Madola ikiwa Afrika Kusini ya ubaguzi imo. Na mwaka 1976 wanariadha wetu, akiwamo Filbert Bayi, hawakushiriki michezo ya Montreal kwa sababu hiyo hiyo ya michezo na Makaburu. Bayi naye alilipa gharama.

D'Oliveira aliichezea Uingereza mechi 44, akafunga alama 2,484. Hakuwa mtu wa maneno makali, na wako waliomlaumu kwa unyamavu wake. Sisi hatumlaumu. Alichodai ni apimwe kwa kazi yake, na dai hilo dogo ndilo ambalo utawala wa ubaguzi haukuweza kulivumilia, kwa sababu ungempima mtu mmoja kwa kazi yake, ingeupasa kuwapima wote. Mwaka 2000 nchi yake ilimhesabu miongoni mwa wachezaji wake kumi bora wa karne, ingawa hakupata kuichezea hata siku moja katika timu iliyotambuliwa. Heshima hiyo ilikuja yeye akiwa mzee, na miaka ya ujana haikuweza kurudishwa.

Makaburu wa siasa ile wamekwisha kuondoka madarakani. Lakini ile kamati ya usiku, je, imeondoka? Mkulima wa korosho wa Kinjumbi anaijua mizani iliyochezewa: mawe yake yote yapo, na mwenye kupima huapa kwamba hakugusa kitu. Ndivyo ilivyokuwa mizani ya London. Nasi tunapokaa katika vyama vya ushirika, viwandani, na katika matawi yetu kuchagua nani apewe kazi, nani asomeshwe, nani apandishwe cheo, yapo majina yanayoachwa si kwa upungufu wa kazi, bali kwa kumwogopa mkubwa fulani, au kwa kabila, au kwa kukosa jamaa mezani. Kisha twasema tumetazama sifa peke yake.

Kwa hiyo tunawaomba wanachama na wafanyakazi wenzetu jambo moja. Kila mtakapokabidhiwa orodha ya majina, ulizeni kwanza ni nani aliyefanya kazi na hayumo humo, na sababu yake itajwe mbele ya watu wote.