Joginder Singh: Fundi wa gereji aliyeyatikisa magari ya viwanda vya Ulaya

KATIKA historia ya mbio za magari za Safari Rally, majina ya madereva waliotoka Ulaya ni mengi. Hata hivyo, mashabiki wa rika la wazee wa Afrika Mashariki hulitanguliza jina la Joginder Singh, Singasinga mwenye kilemba aliyepachikwa jina la Simba wa Kenya.

Joginder alizaliwa Februari 9, 1932 mjini Kericho, Kenya, katika familia yenye asili ya Punjab, India. Alikulia katika kazi ya ufundi wa magari, na kabla hajawa dereva wa kutajika alikwishakuwa fundi wa kutegemewa. Mwishoni mwa miaka ya 1950 aliajiriwa na chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki, kazi yake ikiwa ni kuzunguka barabarani kuwasaidia waliokwama njiani.

Kazi hiyo ndiyo iliyokuwa shule yake. Alizijua barabara za vumbi na matope, na alijua ni wapi gari huvunjika na hutengenezwaje pasipo karakana.

Mashindano yenyewe yalianzishwa mwaka 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II wa Uingereza. Yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na katika miaka ya mwanzo magari yaliyoshindana yalikuwa ya kawaida, ya aina ile ile iliyouzwa madukani, yakigawanywa kwa madaraja ya bei. Umaarufu ulipokua, viwanda vikubwa vilianza kuleta timu zao, mafundi wao na magari yaliyoandaliwa mahsusi.

Njia haikumheshimu mtu. Mwaka 1963, kati ya magari 84 yaliyoanza, ni saba tu yaliyofika mwisho.

Joginder aliingia kwa mara ya kwanza mwaka 1959. Miaka sita baadaye, akiwa na ndugu yake Jaswant kama msaidizi, alijitosa na Volvo PV544. Gari hilo halikuwa jipya. Lilikuwa la timu ya kiwanda cha Volvo, likaendeshwa na Msweden Tom Trana katika Safari ya mwaka 1964 bila mafanikio, kisha likabaki Afrika Mashariki kama mtumba.

Umbo lake nalo lilikwishapitwa na wakati, kwani lilitokana na gari lililobuniwa miaka ya 1940, na mwaka huo huo wa 1965 kiwanda kilisimamisha utengenezaji wake. Lakini lilikuwa gumu, na mikononi mwa fundi aliyelifahamu kila nati, ugumu huo ulikuwa na thamani kuliko upya.

Ndugu hao walipangiwa kuanza wa kwanza, hivyo hawakula vumbi la mtu. Walipomaliza, gari ambalo wenye kiwanda walishindwa kulifikisha kwenye ushindi lilikuwa limetwaa ubingwa. Joginder akawa dereva wa kwanza mwenye asili ya Asia kushinda Safari, na ushindi huo ulikuja chini ya miaka miwili tangu Kenya ipate uhuru. Kwa wengi, ulionyesha kuwa mzaliwa wa hapa aliweza kuwapiku wageni wenye fedha na vifaa.

Mwaka uliofuata zamu ilikuwa ya Tanzania, pale Bert Shankland, aliyekuwa mkazi wa nchi hii, aliposhinda kwa Peugeot 404. Alirudia ushindi huo mwaka 1967.

Joginder alisubiri miaka tisa kabla ya kuonja tena ushindi. Mwaka 1974, akiwa na David Doig katika gari dogo la Mitsubishi Lancer, alimwacha nyuma Björn Waldegård wa Sweden aliyekuwa na Porsche 911. Mwaka 1976 walirudia, safari hii magari ya Lancer yakishika nafasi tatu za kwanza. Alikuwa dereva wa kwanza kushinda mashindano hayo mara tatu, rekodi iliyokuja kuvunjwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, aliyeshinda mara tano.

Pengine takwimu inayomweleza vizuri zaidi si ya ushindi. Katika Safari 22 alizoshiriki, alifika mwisho mara 19. Wengine walikwenda kasi kumzidi, lakini wengi wao waliishia mtoni au kando ya barabara, boneti zikiwa wazi.

Joginder alifariki dunia jijini London Oktoba 20, 2013, akiwa na umri wa miaka 81. Hakuishi kuona Safari Rally ikirejeshwa katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, baada ya kuwa nje tangu 2002. Magari ya leo yana nguvu ambazo Volvo yake haikuziota, lakini mawe na matope ya Afrika Mashariki hayajabadilika, na bado humtaka dereva alijue gari lake kama fundi.