Humphry Davy na Siri ya Chumvi



Kama unakaa Kawe, karibu na bahari, bila shaka umeliona jambo hili. Unanunua panga jipya. Unaliacha nje siku chache, nalo linaanza kushika kutu. Mabati ya nyumba yako pia huchakaa upesi kuliko ya ndugu yako anayekaa Dodoma. Anayefanya uharibifu huo ni chumvi inayoletwa na upepo wa bahari.

Lakini chumvi hiyo ndiyo unayoitia katika mboga kila siku. Jirani zako wa Kunduchi wameivuna kwa miaka mingi kwa kukausha maji ya bahari juani. Mbona inakula chuma, na wewe haikuli? Mtu mmoja aliyesaidia kufumbua fumbo hili ni Humphry Davy. Soma habari za maisha yake.

Kijana wa pwani

Davy alizaliwa tarehe 17 Desemba 1778 katika mji wa Penzance, Uingereza. Mji huo uko pwani, kama Kawe. Baba yake alikuwa fundi wa kuchonga mbao. Alikufa mwaka 1794, akaacha mjane na watoto watano. Humphry ndiye aliyekuwa mkubwa wao.

Mwaka 1795 alipelekwa kwa tabibu mmoja ili ajifunze kazi ya dawa. Hakusoma chuo kikuu. Alijiendeleza mwenyewe kwa kusoma vitabu na kufanya majaribio. Mwaka 1801 aliitwa London kufundisha sayansi, na watu wengi walifurika kumsikiliza.

Wakali wawili

Siku hizo betri ilikuwa kitu kipya. Davy alitengeneza betri kubwa sana. Mwaka 1807 alipitisha umeme wake katika kostiki soda, ile inayotumika kutengenezea sabuni. Akapata madini mapya, akayaita sodiamu. Sodiamu hung'aa kama fedha na hukatika kwa kisu. Lakini ikitiwa majini, huchachamaa, na huweza hata kuwaka moto. Mtu hawezi kuila.

Kulikuwa na kitu kingine, hewa ya rangi ya kijani na manjano. Carl Wilhelm Scheele wa Sweden aliipata mwaka 1774. Hewa hiyo ni sumu, nayo humpalia mtu. Wataalamu wengi walidhani kwamba ni mchanganyiko. Davy alijaribu kwa kila njia kuigawanya, akashindwa. Mwaka 1810 akatangaza kwamba hewa hiyo ni kitu kimoja tu, akaipa jina la klorini.

Sasa sikiliza ajabu yake. Sodiamu na klorini zikikutana, huwaka kwa mwanga mkali. Zikiisha kuungana, kinachobaki ni chumvi. Kila mmoja amemfunga mwenzake, na ukali wao umekwisha. Ndiyo maana unaweza kula chumvi kwa kiasi bila kudhurika.

Chumvi na madini

Davy aliendelea kupata sifa. Mwaka 1815 alitengeneza taa ya kuwakinga wachimba makaa ya mawe wasiungue kwa mlipuko, wala hakudai malipo kwa ubunifu huo.

Kisha jeshi la maji la Uingereza likamletea taabu yake. Merikebu za mbao zilifunikwa chini kwa shaba, na maji ya chumvi yalikuwa yakiila shaba hiyo. Davy aliona kwamba kinachotendeka ni kama kile kilichomo ndani ya betri. Chumvi ikiyeyuka katika maji, hupitisha umeme kwa urahisi, na madini huliwa upesi. Mwaka 1824 alishauri kwamba vipande vya zinki au chuma vifungwe juu ya shaba. Bahari ingekula vipande hivyo kwanza, na shaba ingepona.

Shaba ilipona kweli. Lakini likazuka jambo ambalo hakulitazamia. Kumbe shaba iliyokuwa ikiliwa ndiyo iliyokuwa ikifukuza magugu na viumbe vya baharini. Shaba ilipokoma kuliwa, magugu yakaganda, na merikebu zikawa nzito kwenda. Wavuvi wanalijua jambo hili, maana ngalawa ikikaa sana majini huota magugu. Mpango ukaachwa, na Davy akaona uchungu mkubwa. Alikufa Geneva, Uswisi, tarehe 29 Mei 1829, akiwa na umri wa miaka 50.

Faida yake kwako

Hata hivyo, fikira yake haikupotea. Meli za chuma za leo hufungwa vipande vya zinki. Na bati lako ni chuma kilichopakwa zinki. Zinki huliwa kwanza ili chuma kibaki. Ikiisha, kutu huingia, na karibu na bahari huisha mapema.

Kumbuka kwamba chumvi peke yake haileti kutu. Kutu huhitaji maji na hewa. Chumvi huvuta unyevu na kuharakisha kazi. Kwa hiyo, panga, jembe au baiskeli iliyopata chumvi uioshe kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Ifute mpaka ikauke, kisha uipake mafuta. Bati linaloanza kupoteza zinki ulipake rangi mapema, kabla kutu haijalitoboa. Usingoje mvua ikuonyeshe tundu.

Zungumzeni darasani

1. Chumvi imetokana na vitu gani viwili?
2. Kwa nini mpango wa Davy wa kulinda shaba uliachwa?
3. Nyumbani kwako ni vyombo gani vinavyoharibiwa na chumvi? Utavilindaje?