Aliacha masomo Roma, kanuni yake ikafika Kipkelion

Kama umewahi kuacha chuo, unajua kinachosumbua zaidi si ada wala mitihani. Ni asubuhi. Hakuna anayekungoja popote. Unaamka saa nne, unashika simu kidogo tu, ukija kuinua macho ni saa nane na bado hujala. Mimi niliacha, kwa hivyo nayajua hayo.

Sasa hebu nikuambie habari za jamaa mmoja aliyeacha masomo karibu miaka 1,500 iliyopita.

Benedikto alizaliwa Nursia, Italia, mnamo mwaka 480 hivi, katika familia yenye uwezo. Wazazi wakamtuma Roma akasome. Kufika huko akaona wenzake wanavyojirusha, akaogopa kwamba naye atapotea. Akaacha vitabu, akaondoka na yaya aliyemlea. Baadaye akamtoroka hata yaya, akaingia katika pango huko Subiaco. Alikaa humo miaka mitatu. Mtawa mmoja, Romano, ndiye aliyekuwa akimteremshia mkate kwa kamba, akiutoa kwenye mgao wake mwenyewe.

Labda unadhani hapo mambo yalinyooka. Wapi! Watawa wa karibu walimwomba awe mkuu wao. Aliwaonya kwamba hawataelewana, wakamsihi mpaka akakubali. Alipoanza kuwabana, wakamtilia sumu kwenye divai. Papa Gregori Mkuu, aliyeandika maisha yake miongo michache baadaye, anasimulia kwamba Benedikto alipoibariki kwa ishara ya msalaba, chombo kilipasuka. Hakugombana nao. Aliwaombea huruma ya Mungu, akarudi zake upweke.

Vijana wakazidi kumfuata, akaanzisha nyumba 12 za watawa. Kisha padri mmoja wa eneo hilo akamwonea wivu, naye akajaribu kumwua kwa mkate wenye sumu. Benedikto akahama tena. Mnamo mwaka 529 hivi alifika mlima wa Monte Cassino, na huko ndiko alikoandika Kanuni yake, sura 73.

Ukiisoma utashangaa. Mtu aliyepitia pango na sumu mara mbili ungetarajia aandike sheria za kuvunja mgongo. Sivyo. Siku imegawanywa: sala kwa saa maalum, kazi ya mikono, kusoma, kulala. Mezani kuna vyakula viwili vilivyopikwa, ili asiyeweza kula kimoja ale kingine. Wagonjwa, wazee na watoto wanahurumiwa. Vyombo vya kazi vitunzwe kama vyombo vya altare. Kukiwa na jambo zito, mkuu awasikilize wote, hata mdogo kabisa. Na mwishoni anasema wazi kwamba hii ni kanuni ndogo, ya watu wanaoanza tu.

Alifariki mnamo mwaka 547 hivi. Miaka kama 30 baadaye, Walombardi waliivamia Monte Cassino wakaiharibu. Watawa wakakimbia, nyumba ikabaki magofu. Lakini Kanuni ilisalia, ikaenea Ulaya nzima.

Mwaka 1956 ikafika kwetu. Watawa wa Kitrapisti kutoka Tilburg, Uholanzi, walianzisha makao Lumbwa, ambayo leo ni Kipkelion, pale unapofika reli ikipanda kutoka Fort Ternan. Walifuata Kanuni ya huyo huyo aliyeacha masomo: kuamka kabla ya alfajiri, kusali, kusoma, kufanya kazi. Kisha zikaja ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007. Maelfu ya waliofurushwa makwao walipata hifadhi katika makao hayo. Mwaka huo wa 2008, watawa wenyewe wakahamia Uganda.

Fikiria hapo. Unaacha majengo uliyoyazoea na shamba ulilolilima kwa miaka. Unafika nchi nyingine. Lakini kesho yake unajua utaamka saa ngapi, na utaanza na nini.

Ndiyo maana nakuandikia haya. Si lazima uwe mtawa, wala Mkatoliki. Lakini kama chuo, kazi au nyumba imekutoka, andika kanuni yako, na uiandike ndogo. Yangu ina mambo manne: simu inalala jikoni, naamka saa kumi na mbili na kukaa kimya au kusali kidogo, nasoma kurasa kumi, halafu kazi ya mikono hata kama ni kufua tu. Wiki jana niliivunja siku mbili. Siku ya tatu nilianza tena, bila kujipiga faini.

Chukua karatasi. Yako itaanza saa ngapi?